Gorogoro ya Kwanza ni ya Mashine

Chekeni tu. Nina miaka thelathini na mbili na najiita mstaafu. Daktari alinisikiliza kifua mara tatu, akaniambia mimi na vumbi la unga tuachane mapema, na tangu siku hiyo oveni ya pipa iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Rhonda ni yenu nyinyi sita mnaooka nami. Mmeniomba niwaandikie vipimo. Vipimo viko kwenye daftari la kijani, gramu kwa gramu, na mkivibadilisha nitajua. Hapa naandika yale ambayo sikuyaweka kwenye daftari kwa sababu yalikuwa yananitia aibu.

Mnaniona leo nikiwapigia kelele kuhusu moto, mnadhani nilizaliwa najua. Mimi ni mtu wa kupima chumvi mara tatu. Kabla sijabisha mlango wa jirani nasimama kwanza, narudia moyoni maneno nitakayosema, na mara nyingi narudi nyumbani bila kubisha. Hakuna aliyenifundisha kuoka. Nilijifunza kwa simu, kwa video za watu wenye majiko yanayong'aa, na kwa kuharibu. Wale watu wa video walinipotosha bila kujua. Wote walikuwa wanafungua pakiti ya unga. Hakuna hata mmoja niliyemwona amebeba ngano yake kichwani kwenda kisiagi, kwenye mashine ya mtaa ya kusaga.

Na mimi sikutaka unga wa pakiti. Nilitaka mkate wa ngano nzima, pumba na yote, kutoka shamba letu la Njoro. Sababu ni hii.

Baba alifanya kazi kiwandani miaka mingi, na alichoacha ni nusu ekari Njoro. Kuizunguka, pande zote nne, ni ngano ya jamaa mmoja mwenye matrekta. Kila mavuno kombaini yake ilifika kwenye ua wetu, ikageuka, ikazunguka, kama ng'ombe anayekwepa shimo. Baba alipofariki, Mama aliendelea kwenda huko peke yake kupanda mahindi na maharagwe, mpaka magoti yakaanza kumsumbua. Jamaa wa trekta akasikia. Alikuja nyumbani na mkate mweupe na kilo mbili za sukari, akaomba shamba kwa miaka kumi.

Mama hakumkatalia. Alisema atafikiria, na mimi nilijua Mama akisema atafikiria huwa ameshamaliza kufikiria. Shamba likishaingia ndani ya ile ngano miaka kumi, ua ung'olewe, mtu ataonyesha wapi kwamba hapa palikuwa pa Baba? Nikamwambia anipe msimu mmoja, nipande ngano, niivune, niioke mwenyewe.

Mama alikaanga mandazi mlangoni pa kiwanda miaka ishirini. Unga anaujua kwa kidole. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuku wataanza kuvaa viatu.

"Mkate wa brown ni wa watu wa sukari," alisema. "Nani ataula akiwa mzima?"

Lakini nilikuwa nalia, na Mama hapendi mtu alie mbele ya chai. Kwa hiyo akaweka sharti. Siku ya Sikukuu ya Mavuno kanisani nimpe kipande. Akiomba kipande cha pili, shamba ni langu nilime ninavyotaka. Asipoomba, Jumatatu asubuhi anampigia jamaa wa trekta.

Nilipanda kwa kamba na rula. Ndiyo, rula ya shule. Ng'ambo ya ngano ya jamaa wa trekta alikuwa anaishi Cucu Wambui, mama mzee ambaye utotoni alikuwa akifuata mashine za kuvuna kuokota masuke yaliyodondoka. Alikuja kushika ua akanitazama siku nzima. Jioni akauliza kama ninapanda ngano au ninashona sweta. Kesho yake alinionyesha kumwaga mbegu kwa mkono, hatua na mkono vikienda pamoja, na mstari wake ulikuwa mnyoofu kuliko wa rula yangu. Ilinichukua wiki nzima kumsamehe.

Ni yeye aliyenifundisha kungoja. Ngano ikigeuka dhahabu mnakimbilia mundu, na mimi nilikimbilia. Cucu alinishika mkono, akachuma punje, akaniambia niume. Ilibonyea kama wali. Akasema bado. Siku kumi hivi nilikuwa nauma punje kila asubuhi, huku ndege wakila masuke mbele ya macho yangu na mimi nikipiga sufuria kuwafukuza mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu asubuhi moja punje ikalia *ka* katikati ya meno. Hiyo ndiyo saa ya kuvuna. Rangi inadanganya, jino halidanganyi.

Tulikata, tukapura kwa fimbo juu ya turubali, tukapepeta kwenye upepo wa alasiri. Ndege walikuwa wamejipa fungu lao. Nilipata madebe manne yasiyojaa vizuri. Mama alikuja siku hiyo, akasaidia kupepeta kutwa nzima, akarudi nyumbani na mfuko wake mabegani. Nilikuwa na furaha mno kuuliza mfuko ulikuwa na nini.

Sasa njooni kwa aibu yenyewe.

Nyumbani kwetu mtama huoshwa kabla ya kusagwa, kwa sababu ya mchanga. Kwa hiyo nikaosha ngano. Niliiosha mara tatu, kwa sababu mimi ni mimi, nikaianika siku moja chini ya jua la mawingu, nikapeleka nusu debe kwa kisiagi cha Mzee Odongo. Kwa nje punje zilikuwa kavu. Ndani zilikuwa zimekunywa maji. Mzee Odongo akamimina, mashine ikanguruma, ikaanza kulia kama mbuzi, mkanda ukatoa moshi. Alipoizima na kufungua, wavu ulikuwa umezibwa na uji mzito wa kijivu. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Watu wote wale walisimama wakimtazama mzee akikwangua mashine kwa kisu, na mimi nimeshika beseni tupu.

Hakuna aliyenitukana. Walifanya vibaya zaidi: walinipa jina. Tangu siku hiyo nikikaribia, sauti fulani ilikuwa inasema, "Ngano Maji amefika, shikeni mashine."

Mngefanya nini? Mimi niliacha kuongea. Nilianza kwenda wakati foleni ni fupi, nikiangalia miguu yangu, nikaweka gorogoro langu moja la ngano kavu, ule mkebe wa kilo mbili, kwenye mstari, nikasagiwa, nikaondoka. Gorogoro moja tu kila safari. Nilikuwa nimesoma kwamba unga wa ngano nzima hupoteza ladha ukikaa, kwa hivyo kila siku ya kuoka nilisaga upya. Nilijiona fundi sana kwa hilo. Wekeni alama hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mkate wa kwanza ulikuwa jiwe. Wa pili ulipasuka katikati. Wa tano ulimeguka kama ugali wa jana. Wa tisa ulipanda vizuri, ukawa laini, nikacheza dansi peke yangu jikoni. Nikaandika kila kitu: maji, chumvi, hamira, dakika za kukanda, mkaa juu ya mfuniko wa sufuria na mkaa chini. Mkate wa kumi nilifuata maandishi yale hatua kwa hatua, na ukaanguka kama paa la nyumba iliyoliwa na mchwa.

Kama ningeshindwa kila mara, ningeelewa. Kilichoninyima raha ni kufaulu mara moja na kutojua kwa nini. Nilibadilisha hamira. Nilibadilisha maji ya mfereji kwa maji ya mvua. Nilipima hamira kwa mizani ya sonara niliyoazima. Mama alikuwa anawapelekea kuku mikate, na siku moja alirudi ndani na sahani akasema hata kuku wanauangalia kwanza.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kufika sikukuu, ngano ilikuwa imeshuka mpaka debe moja na kidogo. Nikapanda kwenda Njoro kumwambia Cucu Wambui kwamba ngano yetu ni mbaya na shamba linaenda.

Cucu alitia mkono kwenye kifuko cha ngano nilichokuja nacho. Alichukua punje kiganjani, akazitia mdomoni, akaniwekea zangu. Tukakaa kwenye ua tukitafuna kama mbuzi wawili. Mwanzoni ni unga tu na maganda. Kisha kitu kikaanza kushikana. Cucu akatoa chake mdomoni, akakivuta kati ya vidole, kikarefuka kama mpira.

"Hii ndiyo ilikuwa chingamu yetu tukifuata kombaini," alisema. "Ngano mbaya haivutiki hivi. Hii haina makosa. Nenda utafune unga."

Nilirudi Rhonda nikachota unga uliobaki wa safari ya mwisho, nikauchanganya na maji, nikatengeneza kidonge, nikatafuna. Kiliyeyuka. Hakikuvutika hata kidogo. Na nyuma ya ulimi kulikuwa na uchachu mdogo ambao nilikuwa naujua tangu utotoni. Ilikuwa ladha ya ugali wa bibi yangu kule Bungoma. Muhogo.

Nilienda kwa Mzee Odongo mbio, bila kurudia maneno moyoni, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa. Nikamuuliza kwa nini unga wangu una muhogo.

"Kwa sababu aliyekutangulia alikuwa na muhogo," alisema. "Ulidhani mashine haina tumbo? Inabakiza. Unga wa kwanza unaobeba ni wa aliyekutangulia, na wako uliobaki anabeba anayekufuata. Mtu wa gunia hajali. Wewe unaleta gorogoro moja. Karibu nusu ya unga wako ni wa watu."

"Na hukuniambia, mzee?"

"Unakuja umeinama, unaondoka umeinama. Nilidhani umeokoka sana."

Basi ikawa hivyo. Mkate wa tisa ulipanda kwa sababu siku ile nilimfuata mtu wa mahindi, na mahindi hayanati mashineni kama muhogo. Mingine yote, mbele yangu alikuwepo mama fulani na mtama wake na muhogo. Nimepima hamira kwa mizani ya dhahabu, na unga wenyewe sikujua ni wa nani. Muhogo si mbaya, msinielewe vibaya, mimi nimelelewa nao. Ila hauna ile chingamu, na mkate bila chingamu hauna cha kushika pumzi yake.

Mzee Odongo akanipa dawa. Nilete ngano yote mara moja. Nisagiwe nyuma ya mahindi meupe, nisifuate muhogo kamwe. Na gorogoro langu la kwanza nilitoe, lipite likisafisha, likaliwe uji. "Gorogoro ya kwanza ni ya mashine," alisema. "Ukiinyima, inachukua ya mkate."

Nilimwomba basi anipange vizuri Jumamosi kabla ya sikukuu. Akatingisha kichwa. Jumamosi hiyo nusu ya mtaa ingekuja na muhogo na mtama, wengi wakiwa na wageni kutoka Busia na Siaya. Kuruka foleni hawezi kumruhusu mtu. "Mashine ni yangu," alisema. "Foleni ni yao. Waombe wenyewe."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Niliandika hotuba kwenye daftari la kijani, na bado imo, ukurasa wa mwisho, msiisome.

Jumamosi nilikuta mabeseni yamepangwa mpaka kwa fundi viatu. Nilihesabu mbele yangu: kumi na nne, na manane ya muhogo. Beseni moja tu la mahindi meupe, la tatu kutoka mwanzo, la Mama Brayo anayeuza samaki karibu na stendi. Niliweka debe langu chini. Nikafungua mdomo, na hotuba yote ikapotea.

"Mama zangu," nilisema, na sauti ilitoka kama ya mtu aliyemeza mfupa, "naomba kupita nyuma ya Mama Brayo."

Kisha sauti kutoka nyuma: "Si huyu ndiye Ngano Maji?"

Wakacheka wote. Na mimi, sijui kwa nini, nikacheka pia. Nikasema ndiyo, ni mimi, na leo ni kavu, anayetaka aje aume. Mama mmoja mwenye leso ya kijani alikuja kweli, akachukua punje akaiuma. Ikalia *ka*. Akawageukia wenzake akawaambia ni kavu.

Nikawaeleza kila kitu hapo hapo. Shamba, Baba, jamaa wa trekta, kipande cha pili. Sikuwa nimepanga kusema la Baba. Nilipomaliza, yule wa leso ya kijani aliuliza swali moja tu, ambalo lilikuwa la haki: wao wakifuata ngano, ugali wao utakuwaje? Mzee Odongo akamjibu kwamba utashikana vizuri kuliko ndoa nyingi za hapa Rhonda. Yule mama akavuta beseni lake nyuma. Wa pili akavuta. Nilitazama yale mabeseni ya muhogo yakisogea moja moja kwenye vumbi, nikaona mlango unafunguka.

"Lakini kesho nisipoonja huo mkate," Mama Brayo aliniambia akichukua unga wake, "jina lako halibadiliki mpaka uzeeni."

Mzee Odongo aligonga mashine pande zote kwa kipande cha mti, akamimina gorogoro langu la kwanza, akaliweka kando. Kisha debe. Unga ulitoka rangi ya udongo wa Njoro baada ya mvua, una joto kama mtoto. Nikaweka chembe kwenye ulimi nikatafuna pale pale mbele ya watu wote. Ikavutika.

Na sasa sikilizeni, kwa sababu haya hamyafanyi vizuri. Unga wa ngano nzima unakunywa polepole. Changanyeni na maji, muache nusu saa kabla ya kukanda. Pumba zikiwa kavu zinakata donge kama wembe. Donge liwe laini hadi muone aibu. Msingoje lifike ukubwa wa mara mbili kama la unga mweupe, mtangoja mpaka lianguke. Bonyezeni kwa kidole: shimo likirudi taratibu, tieni moto. Na pipa halina kipimo cha joto, kwa hiyo tupeni unga kidogo kwenye sakafu yake muhesabu. Ukigeuka kahawia mkifika ishirini, wekeni. Ukiungua mkifika kumi, ngojeni, nendeni mkachambue mboga.

Nilioka mikate kumi na miwili alasiri ile. Kila mmoja nilipougonga chini ulijibu kama mlango wa nyumba yenye watu ndani. Mmoja ulipinda upande, na mimi, Nekesa mwenye rula, nikauacha upinde.

Jumapili baada ya ibada tuliikata uani pa kanisa, tukaila na chai. Mama Brayo alikula vipande vitatu, akatangaza kwamba Ngano Maji amekufa. Mzee Odongo alikula cha kwake amefumba macho. Watoto walipigania maganda. Lakini mimi nilikuwa naangalia sahani moja tu. Mama alikula kipande chake polepole, akafuta vidole, akanywa chai yake. Akazungumza na mchungaji kuhusu mvua. Sahani zikaisha. Hakuomba.

Nilibeba trei nyumbani nikiwa sioni njia vizuri. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nilikuwa nimelikwepa: hata kama angeomba, ngano yote nilikuwa nimeisaga. Hata punje moja ya mbegu ya shamba lile haikubaki.

Mama alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ameketi kitandani anavua viatu. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba kesho akitaka ampigie jamaa wa trekta. Aliniuliza kwa nini.

"Hukuomba kipande cha pili, Mama."

Akavuta mkoba wake, akatoa kitambaa cha kanisani, akakifungua. Ndani mlikuwa na mkate, vipande viwili, kutoka kwa ule uliopinda.

"Kuomba ni kwa wageni," alisema. "Mimi nilichukua."

Kisha akainama, magoti yakilalamika, akavuta kutoka chini ya kitanda mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Ulikuwa umejaa ngano iliyochanganywa na majivu ili isiliwe na wadudu. Ilikuwa ile ya siku tuliyopepeta. Tangu siku ile, kabla ya mkate hata mmoja, alikuwa ameificha.

"Nilijua utaimaliza yote," alisema. "Haitoshi shamba zima. Inatosha kona moja, na kona huzaa."

Nikamuuliza, je, mkate ungekataa?

"Kuku wangekula."

Kona ilizaa. Huu ni msimu wa saba na nusu ekari yote ni ngano, na kombaini ya jamaa bado inafika kwenye ua wetu na kugeuka. Kifua changu kinapenda hewa ya kule. Unga mtausaga nyinyi, nyuma ya mahindi meupe, na mkifika kwenye foleni fungueni midomo, salimieni, semeni mnachotaka.

Jumamosi njooni Njoro mapema, na mundu. Leo asubuhi niliuma punje. Imelia *ka*.